Nani Ashike Ufunguo Asubuhi ya Mbio

Kijiwe chetu kiko Gongoni, hapa Tabora: benchi moja refu la mninga lililoegemea ukuta wa duka la VAR, na mbele yake Mzee Uwesu, muuza kahawa, na jiko lake la mkaa, birika la shaba na sahani ya kashata. VAR ni Nurdini, fundi cherehani. Tunamwita hivyo kwa sababu neno lolote likisemwa hapa lazima yeye alirudishe nyuma alikague upya, kama ile video ya waamuzi wa mpira. Behewa ni Leodgar, mstaafu wa reli, ambaye hajawahi kumaliza habari yoyote bila treni kupita ndani yake. Mimi ni Emilian, lakini hapa naitwa Digrii. Jioni ile nilikwenda kijiweni na sentensi moja tu ya kusema: kesho sikimbii.

Mbio zenyewe zilikuwa nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, kutoka mjini, kuzunguka Itetemia kwa kufuata kipande cha njia ya zamani ya misafara, na kurudi mjini. Aliyeniingiza humo ni mke wangu, Recheli. Mwaka jana tulisimama kando ya barabara na ndoo ya maji, tukiwagawia wakimbiaji. Jioni yake alinipitia hapa kijiweni akatangaza mbele ya wote kwamba mwakani na mimi nitakimbia. Kukataa mbele ya VAR ni kazi kuliko kukimbia, nikakubali. Recheli alifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha. Mazoezi niliyaendeleza kwa sababu yalikuwa yameshaanza. Lakini wiki iliyopita nilirudi kutoka mazoezini, nikagonga mlango wa nyumba yangu, nikasimama nikisubiri kufunguliwa. Nilisubiri kwa muda. Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Tangu siku hiyo viatu vimekaa chini ya kitanda.

Nilipofika, hata kukaa sikuwahi.

VAR: Huyo hapo, mkimbiaji wa taifa! Kaka, kesho ni saa kumi na mbili kamili asubuhi, siyo?

Mimi: Kuhusu kesho, nilitaka kusema kwamba...

VAR: Ngoja kwanza. Saa kumi na mbili ya wapi?

Mimi: Ya asubuhi.

VAR: Sijauliza ya lini, nimeuliza ya wapi. Waandaaji wametoka Dar. Dar saa kumi na mbili unamwona mtu mpaka kope. Hapa Tabora mwezi huu, saa kumi na mbili ni giza totoro, kunguru mwenyewe amejikunyata. Mnaambiwa kimbieni. Mnakimbilia wapi? Mtu anaweza kuzunguka mnara wa saa mara tatu akidhani yuko Itetemia.

Behewa: Giza si tatizo. Treni inatembea gizani.

VAR: Treni ina taa!

Behewa: Na inafuata reli. Digrii naye atafuata mtu wa mbele.

VAR: Na akiwa wa kwanza?

Wakanitazama wote wawili, wakapima, wakacheka. Mzee Uwesu naye alicheka, huku akinimiminia kahawa.

Mzee Uwesu: Kwa hilo tu msiwe na wasiwasi.

Mimi: Jamani, nisikilizeni. Kesho mimi...

Behewa: Kesho wewe usile mkate. Mdogo wangu, mkate ni hewa. Usiku wa leo kula matobolwa.

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kukaushwa juani. Ukivitafuna, taya linapata mazoezi kabla ya miguu.

VAR: Matobolwa na mbio wapi na wapi?

Behewa: Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe la ndovu begani kutoka hapa mpaka pwani. Alikula nini? Matobolwa na maji. Alirudi salama, akaoa, ndiyo maana nipo.

VAR: Fiksi hizo. Tuangalie marudio. Babu yako alikuwa anatembea au anakimbia?

Behewa: Kuna pori lina simba, utatembea?

VAR: Sawa, alikuwa anakimbia. Alikuwa na mzigo au hana mzigo?

Behewa: Nimekwambia pembe.

VAR: Basi umeona! Tatizo la Digrii nimelipata. Hana mzigo!

Alisimama. VAR akisimama, futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni mpaka tumboni, na hapo ujue nadharia imeshaiva.

VAR: Mwili wa mtu wa huku umejengwa kubeba. Babu zetu, babu wa babu zetu, wote mabega. Sasa unamchukua mtu wa namna hiyo unamvalisha kaptula nyepesi na fulana ya namba, unamwambia nenda. Ataenda vipi? Anapeperuka! Miguu inatafuta mzigo haiuoni, inachanganyikiwa. Kesho kaka abebe kitu. Kilo tano, sita, mpaka pale wanapogeukia. Pale akitue chini. Pwaa! Kurudi huku hatakimbia, atakuja anaelea.

Behewa: Abebe nini?

VAR: Hata mchanga kwenye kiroba.

Mzee Uwesu: Akikitua, nani atakirudisha?

VAR: Mzee, unaleta mambo madogo kwenye mambo makubwa.

Behewa: Mimi kiroba sina shida nacho. Shida ni kuamka. Leo usilale kitandani, Digrii. Lala umekaa kwenye kiti, kama uko daraja la tatu. Mtu aliyelala amekaa hapitilizi. Mimi nimesafiri kutoka Kigoma mpaka Dar nimelala vile, kila stesheni nafumbua jicho moja.

VAR: Na avae viatu kabisa.

Behewa: Na viatu, ndiyo. Na namba kifuani.

VAR: Kwa nini asiende kulala kulekule kwenye mstari? Anatandika mkeka wake. Bunduki ikilia anaamka, tayari yuko mbele.

Behewa: Wakimkanyaga?

VAR: Wakimkanyaga atakuwa ameamka!

Nilicheka. Sikuwa nimepanga kucheka. Kahawa ilinipalia, Behewa akanipiga mgongoni kwa kiganja kile kipana, na sentensi yangu ikapotea tena.

Mzee Uwesu: Kahawa anywe kikombe kimoja tu, alfajiri, na funda la maji juu yake.

VAR: Kimoja? Mpeni vinne! Huyu akinywa vinne, pale kwenye mwisho hasimami. Watamwona anapita na namba yake kifuani, anaulizia njia ya Kigoma.

Tukiwa hapo ndipo alipokuja msichana mmoja amevaa suti ya michezo ya kijani, na mkononi ameshika kipande cha mbao kikubwa kama mwiko wa kusongea ugali.

Msichana: Shikamooni.

Wote: Marahaba.

Mzee Uwesu: Karibu, mwanangu. Kahawa?

Msichana: Asante, baba, nitakunywa. Naitwa Shamila, nimetoka Usinge, nimekuja kwa ajili ya mbio za kesho. Nimeambiwa hapa kuna wataalamu.

VAR aliinyoosha kola yake.

VAR: Umefika. Uliza chochote. Chakula, usingizi, mzigo...

Shamila: Mzigo?

Behewa: Hiyo utaelezwa baadaye. Uliza.

Shamila alikinyanyua kile kipande cha mbao. Kwenye ncha yake kulikuwa na ufunguo mdogo umefungwa kwa waya.

Shamila: Huu ni wa chumba changu gesti. Wameufunga kwenye ubao ili wageni wasiondoke nao. Mhudumu anaingia saa mbili asubuhi, mimi natakiwa kuondoka kabla hakujakucha. Mfukoni hauingii, na kukimbia na ubao siwezi. Sasa nyie wenyeji, mtu akitoka kwenda kukimbia alfajiri, ufunguo anamwachia nani?

VAR alijibu upesi, kama anavyojibu kila kitu.

VAR: Sasa hilo nalo la kuuliza? Anamwachia mke...

Mkono wake ulibaki hewani. Behewa aliangalia chini ya benchi kama aliyedondosha kitu. Mzee Uwesu akachukua kitambaa, akaanza kufuta kikombe kilichokuwa kimeshakauka.

Shamila: Nimesema vibaya?

Mimi: Hapana, mwanangu. Umeuliza vizuri sana.

Niliutoa ufunguo wangu nikauweka juu ya benchi. Ni wa kitasa cha zamani, wa chuma, mrefu kama kalamu na mzito kuliko unavyodhani kwa kuutazama. Recheli alikuwa akiufunga kwenye pindo la kanga yake. Kila kanga aliyoiacha ina pembe moja iliyochakaa kuliko nyingine tatu.

Mimi: Nilikuja kuwaambia kwamba kesho sikimbii.

VAR: Kwa ajili ya ufunguo?

Nilifikiri kwanza, kwa sababu nilitaka kujibu sawasawa.

Mimi: Ndiyo. Kwa ajili ya ufunguo.

VAR alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutaka marudio.

Behewa aliuchukua ule ufunguo, akaupima uzito kiganjani.

Behewa: Nilipokuwa stesheni ya Kigwa, enzi hizo, reli ilikuwa moja. Treni mbili zikikutana njiani ni msiba. Kwa hiyo kulikuwa na kipande kimoja tu cha chuma, ndicho kibali cha njia. Dereva asipokabidhiwa chuma, haondoki. Akikabidhiwa, njia ni yake mpaka stesheni ya mbele, na kule lazima pawe na mtu amesimama, amenyoosha mkono akipokee. Iwe mvua, iwe usiku, fisi analia pale nje, mtu yupo. Mpaka chuma kifike mkononi mwa mtu, hakuna anayesema treni imefika. Mimi nimenyoosha mkono ule miaka yangu yote ya kazi.

VAR: Yaani unasema...

Behewa: Nasema kesho nitakuwa pale kwenye mstari. Digrii ananikabidhi ufunguo, anakwenda. Akirudi ananikuta palepale, mkono umenyooka. Na wewe binti, huo ubao wako lete hapohapo.

VAR: Lakini umegeuza. Kule dereva alikuwa anaondoka na chuma. Huyu anakiacha.

Behewa: Nimegeuza, ndiyo. Kwani huyu ni treni?

Mzee Uwesu: Na mbio zinachukua muda wa saa mbili, tatu. Utasimama?

Behewa: Nitakaa kwenye ukingo. Lakini siondoki.

Shamila alicheka kwa furaha, akakiweka kile kipande cha mbao mapajani, akachukua kashata. Mimi nilimwangalia Behewa. Alikuwa tayari anautia ufunguo mfukoni mwa shati, anafunga kifungo.

Mimi: Kaka, unirudishie kwanza. Leo bado nalala ndani.

Kijiwe kizima kilipasuka kwa vicheko, na mimi nikiwamo. Behewa alifungua kifungo, akanipa, lakini hakuuachia mara moja.

Behewa: Chukua. Ila usikie, mdogo wangu. Ukiacha kuja kesho nitakuwa nimeamka bure. Misa ya kwanza yenyewe siamki, hata kengele ya simu siisikii. Nikiamka bure kwa ajili yako, hilo sitalisahau.

Mzee Uwesu aliliinamisha birika. Lilitoa matone mawili, la tatu likakataa. Akalifunika, akaanza kulimwagia maji jiko. VAR aliniambia nimpitishie kaptula anishonee mfuko wa ndani wa kuweka asali kidogo, na akaapa kwamba suala la kiroba cha mchanga halijafungwa, limeahirishwa tu. Tulikuwa tumeshaanza kusimama.

Shamila: Baba, samahani, swali moja la mwisho.

Behewa: Uliza tu.

Shamila: Umesema hata misa ya kwanza huamki. Sasa kesho wewe nani atakuamsha?

Behewa alimtazama VAR.

VAR: Usiniangalie mimi. Mimi nikishaswali alfajiri narudi kulala, usingizi ule si wa kutania.

Mzee Uwesu: Mimi nipo mbali, ng'ambo kule.

VAR: Alale amekaa!

Behewa: Nimeshajaribu. Napitiliza.

VAR: Si ulisema mtu aliyekaa hapitilizi? Kigoma mpaka Dar, jicho moja?

Behewa: Nilipitiliza Morogoro.

Wataalamu wa matobolwa, wa jua la Dar na wa mabega ya wapagazi wote walisimama wameshika viuno, na mbio zote zilikuwa zimekwama hapo. Nyumba ya Behewa iko njiani, kati ya kwangu na mstari wa kuanzia. Ina mlango wa mbao wa rangi ya bluu. Niupite au nisiupite, uko pale.

Mimi: Nitakupitia mimi. Nitakugongea.

Behewa: Kabla hakujakucha?

Mimi: Kabla hakujakucha.

Behewa: Basi ugonge kwa nguvu, na usichoke kusubiri. Mimi usingizi wangu ni mzito, lakini nitafungua.