Chenji ya Mwenye Tai

"Ankara ya kuidai hospitali nimeiuza," mshonaji alimwambia jirani yake wa kiti ndani ya basi, mwanamume mwenye tai, ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza biashara inaendaje. "Nimeishonea hospitali mashuka, wagonjwa wameshayalalia, na mhasibu ananiambia nisubiri miezi mitatu. Mafundi wangu nao wasubiri? Kuna kampuni inanunua madeni. Imenipa pesa leo, imekata fungu lake, hospitali itailipa kampuni hiyo."

"Fungu lenyewe si dogo, dada yangu," alisema mwenye tai, kwa upole wa mtu ambaye mshahara wake haujawahi kuchelewa. "Wateja wakubwa ndivyo walivyo. Ungevuta subira."

"Subira haipikwi, kaka. Jasho ni langu, halafu nimmegee mtu baki kwa sababu mwenye deni hana haraka. Hilo ndilo linaloniunguza."

Mwenye tai alitabasamu, akainuka. Kituo chake kilikuwa kinakaribia, na alikuwa amelipa nauli kwa noti kubwa. Akamdai konda chenji.

"Subiri kidogo, mzee, nakusanya," konda alisema bila kugeuka.

"Nisubiri nini? Mimi nashuka hapa. Hiyo ni pesa yangu," mwenye tai alifoka, mishipa imemsimama shingoni.

Mshonaji alifungua pochi, akamnyooshea sarafu. "Niuzie hiyo chenji, kaka. Chukua hizi, zimepungua kidogo, ushuke zako. Yote nitamdai konda mimi."

Basi likasimama. Mlango ulikuwa wazi, na mwenye tai alikuwa bado anazitazama zile sarafu.