Miaka Halisi ya Dereva Severin Alois Mkude

Waombolezaji wenzetu, mliopanda mlima kwa miguu tangu asubuhi na mliokuja na malori kutoka mjini, familia inawaomba utulivu, na wale vijana walioegemea magari kule barabarani nao wasogee, maana historia hii inawahusu wao kuliko wazee, na anayeisoma ni Thobias, mjomba wa marehemu, kaka wa mama yake mzazi, ambaye ndugu wamemwomba aisome kwa kifupi na asichimbue mambo, naye amekataa.

Marehemu Severin Alois Mkude alizaliwa Jumanne, tarehe 2 Septemba 1975, hapa hapa Nyandira, Mgeta, nyumbani kwa bibi yake, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Alois, seremala, na Mama Yuliana. Mmesikia sawasawa, ni sabini na tano, si sitini na tisa, na aliyeandika 1969 pale msalabani msimlaumu, ameandika alichokikuta kwenye karatasi, na habari ya karatasi hiyo inakuja.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia Januari 1983 hadi Septemba 1989, akachapwa viboko vingi kuliko wenzake wote, kwa sababu alikuwa akitoroka darasani kwenda kukaa juu ya jiwe na kusikiliza malori yakipanda, na kabla gari halijatokeza alishakuambia ni la nani na gia ya ngapi. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, baba yake akataka kumfundisha useremala, kijana akarusha randa ukutani mpaka ikapasuka, Mzee Alois akavua mkanda, na siku hiyo, tarehe 11 Machi 1990, palikuwa na damu kwenye maranda ya mbao. Kijana alishuka mlima mgongo umechanika, akafika Bigwa kwa mjomba wake, na mjomba badala ya kumrudisha akamwambia kaa hapa, baba yako hajui kulea. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, neno la mjomba likishatoka baba hulimeza hata kama lina miiba, na Mzee Alois alilimeza.

Kuhusu kazi, mwaka 1992 mjomba huyu alipunguzwa kiwandani, na kwa kuwa ilikuwa miaka ile ya milango kufunguliwa, kila mwenye kiinua mgongo akijiona tajiri na magari ya mitumba yakishuka bandarini kutoka Uarabuni, naye akanunua pikapu ya kubeba mboga, Severin akawa utingo wake, na Juni 1993 akakabidhiwa usukani, akiwa hajafikisha miaka kumi na minane. Pikapu ilikuwa inapitwa na kila mtu. Basi Agosti 1994 fundi mmoja wa gereji ya uani, pale Morogoro mjini, akaitoa injini yake, akaifunga injini ya lori lililopinduka, akaongeza springi, akakata bomba la moshi ili ingurume, na mjomba alipoulizwa habari ya breki alisema breki zilizopo zinatosha. Injini ya fahali, breki za mbuzi, na vijana wa Mgeta wakaipigia makofi.

Tarehe 18 Februari 1995, baada ya vijana wawili kuungua ndani ya gari la namna hiyo hiyo, wakipiga kelele na watu wakishindwa kuusogelea moto mpaka kelele zikakatika, umoja wa wenye magari ya mboga uliketi chini ya mwenyekiti wake, Mzee Mohamedi, ukakata shauri kwamba mtu asiyefikisha miaka ishirini na mitano asiushuke mlima huu na gari lililobadilishwa injini. Wengi wenu mlikuwepo, mnakumbuka nani alipinga kwa maneno mengi kuliko wote, ni Thobias huyu, alisimama akasema kuendesha ni kipaji, wazee wanawaonea vijana wivu, gari haliulizi umri. Alishindwa kwa hoja na kwa mikono iliyonyooshwa. Akarudi kwa dada yake, akafungua sanduku la nguo, akatoa cheti cha ubatizo cha Severin wa kwanza, kaka wa marehemu, aliyezaliwa tarehe 8 Machi 1969 na kufa kwa surua mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, ambaye marehemu alirithi jina lake. Mama Yuliana alimshika kaka yake shati akalia, akamwambia kaka, unamfufua mtoto wangu ili umuue mdogo wake, naye akamsukuma dada yake akaangukia mlango, akatoka. Mzee Mohamedi alikisoma cheti, akamtazama kijana asiye na hata ndevu, akampitisha, maana nani atabishana na mjomba juu ya umri wa mpwa wake?

Kuhusu ndoa, marehemu hakujaliwa kufunga ndoa kanisani, na wanaomsengenya Eufrazia hapo kwenye mkeka waache leo hii, wasirudie. Posa ilipokelewa tarehe 5 Agosti 1995, ndoa ikaahirishwa mara tatu, kwa sababu padre alitaka cheti cha kweli cha ubatizo, na mjomba aliogopa vyeti viwili visije vikakutana. Severin na Eufrazia walijaliwa mtoto mmoja, Furaha, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1996, na ambaye amemjua baba yake kwa miezi mitano isiyotimia.

Sasa ajali. Siku ya Jumatatu, tarehe 10 Juni 1996, saa nane mchana, Severin alishuka na kabichi na karoti, juu ya mzigo wameketi Hosiana na Magdalena, wachuuzi mnaowajua, akifukuzana na Salimu, dereva mwenzake, kila mmoja akitaka kuwahi njia panda ya Sangasanga kwenye lori la Dar. Salimu yumo humu, amesimulia mwenyewe mbele ya wazee, kwamba Severin alimgonga ubavuni mara ya kwanza, wote wakacheka, akamgonga mara ya pili, akapita, na kwenye kona ya chini ya Kibaoni Salimu akaona taa za breki zinawaka na gari halipungui mwendo. Liligonga mwamba, likapinduka, likabingirika mpaka kwenye shamba la njegere. Hosiana alilaliwa na bodi kichwani, akafa pale pale. Magdalena alikatika mguu juu ya goti, akaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina, akafa akiwa kwenye machela ya miti kabla ya kufika barabarani. Usukani ulizama kifuani mwa Severin. Hatusemi haya kuwatonesha wafiwa, tunayasema kwa sababu kuna watu tangu juzi wanasema alipitiwa tu, kana kwamba ni usingizi.

Watu walikuja na majembe, nao hawakuja kuokoa. Walianza kumpiga akiwa amebanwa humo humo, kwa mipini, kwa mawe, mmoja akaita aletewe petroli, na ndugu wa Hosiana wana haki ya kuwa na uchungu, hatuwataji. Aliyefika mbio kutoka juu na kumlalia kijana kifudifudi ni Mzee Alois, baba aliyenyimwa mwanawe, akapigwa yeye, akavunjwa mkono wa kulia, hakuinuka mpaka walipochoka.

Marehemu alifikishwa hospitali mjini jioni hiyo. Muuguzi alimuuliza umri, na Severin, damu zikimtoka puani, alimtazama kwanza mjomba wake, kama mtoto anayeomba ruhusa, halafu akajibu ishirini na saba. Mjomba alikuwa amesimama pale pale, na mdomo wake haukufunguka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyoeleweka, alifariki dunia Jumatano, tarehe 12 Juni 1996, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na miezi tisa.

Tangu siku hiyo watu wanasema sikio la kufa halisikii dawa, wengine wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jamani! Huyu kijana alisikia la mkuu, alilisikia mpaka mwisho, na mkuu mwenyewe ndiye huyu mnayemwona mbele yenu. Na wapo wenye magari, tunawajua, ambao kesho Jumamosi wanataka kikao kifute ile kanuni, kisa aliyekufa alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, hivyo umri hauna maana, waachieni watoto usukani. Basi kesho mkiketi, Mzee Mohamedi, shikamoo, waambie kwamba kanuni yenu haikushindwa, ilidanganywa, na aliyeidanganya ana jina. Vyeti vyote viwili viko mfukoni mwa koti hili, na baada ya mazishi vinapelekwa kituo cha polisi, vikifuatana na mwenye koti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika siku mbili na kifua kisichotengenezeka, majirani wa Nyandira na wa Bigwa waliochimba kaburi na kupika, madereva wenzake waliobeba jeneza kwa mabega badala ya kulipakia kwenye gari, na kwa namna ya pekee familia za Hosiana na Magdalena, ambazo jana zimezika na leo zimetuma watu wawili wawili kuketi nasi, jambo ambalo hatukustahili na hatujui tutawalipa nini.

Kwa desturi ya ukoo wetu udongo wa kwanza huwekwa na mjomba. Leo mjomba hatausogelea, utawekwa na Mzee Alois, kwa mkono wa kushoto, na tunaomba mtu amsaidie kushika koleo.

Severin, mwanangu, pumzika kwa amani kwa baba yako.