Labib Tadros, Aliyeandika Nani Amecheka

Familia ya marehemu inawashukuru nyote mliofika katika ukumbi huu wa kanisa, mliokuja kwa huzuni, mliokuja kwa desturi, na nyinyi mliokaa karibu na mlango, ambao tangu asubuhi mnahesabu nani kaja na nani hakuja, karibuni pia, na historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, Fahim, ambaye mjane amemwomba asifiche neno.

Marehemu Labib Tadros Wahba alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 hapa Kafr Sanad, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee Tadros, mchambua pamba za magodoro, na mama Ratiba, na wote waliomjua utotoni wanakiri kwamba hakuwa na mzaha hata chembe, wenzake walipocheka yeye aliuliza wanacheka nini, na akishaelezwa aliuliza tena. Alisoma shule ya kanisa kuanzia mwaka 1945, akapata stashahada ya biashara mwaka 1957, mwandiko wake ukiwa mzuri kuliko wa walimu wake, jambo ambalo baadaye lilimponza.

Tarehe 1 Machi 1958 aliajiriwa katika ofisi ya simu ya mji, dirisha la maombi, kazi yake ikiwa kuwaambia watu kwamba simu waliyoiomba miaka minane iliyopita bado, na aliwaambia hivyo kwa uso mkavu hadi Mei 1964, mteja mmoja alipovua kiatu na kumpiga nacho usoni, akashonwa nyuzi tatu. Ijumaa iliyofuata alikwenda sokoni kwa Mama Rashad, muuza achari, mwanamke ambaye figili zake zilikuwa laini kama sabuni na bado watu walipanga foleni kwa ajili ya mdomo wake, akamwomba amfundishe kuchekesha, kama mtu anavyoomba kufundishwa useremala. Mama Rashad alidhani ametumwa na manispaa, akamsimamisha kando ya mapipa Ijumaa nne mfululizo akimchunguza, ya tano ndipo akamwambia, "Mwanangu, mpe mtu jibu lake kwanza, hata likiwa baya, halafu ndiyo umchekeshe. Ukianza na kichekesho unamfanya mjinga, na kiatu utakula tena."

Marehemu alinunua daftari, akaandika humo kila kichekesho, tarehe, aliyeambiwa, na kama alicheka, ili asimrudie mtu kwa kile kile na ajifunze kwa makosa yake, na ukurasa wa kwanza unasema, "Mke wa Boktor. Hakucheka. Kosa langu, sikuuliza kwa nini amevaa nyeusi." Baada ya miaka miwili dirisha lake lilikuwa na foleni ndefu kuliko yote, na mjane mmoja alipomfokea kwamba atakufa simu haijafika, alimjibu, "Mama, jibu ni miaka minne. Lakini usife bila kunijulisha, maana nitalazimika kupanga upya majina elfu moja, na serikali imenipa wino wa majina mia mbili tu." Mama yule alicheka hadi akakaa chini, naye marehemu alitafuta katika faili cheti chake cha daktari cha ugonjwa wa moyo, akampandisha foleni kihalali, na hilo la cheti hakuliandika popote.

Tarehe 9 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Insaf Mikhail, baada ya kumposa mara tatu bila kuaminika, hata baba mkwe akataka posa ije kwa maandishi, kwa kuwa uso ule, alisema, haukuwa tena na dhamana. Walijaliwa watoto wawili, Nadra, aliyezaliwa mwaka 1968, na Rauf, aliyezaliwa mwaka 1972.

Sasa tuseme lile ambalo nusu yenu mnanong'onezana. Mwaka 1976 marehemu alilisahau daftari kwenye mgahawa wa kahawa, mwenye mgahawa akalifungua, akasoma, "Hanna wa viatu, alicheka sana. Mzee Galal, alicheka kidogo, akatazama mlango." Nani mwenye akili timamu angesoma maneno hayo, katika miaka ile ya wapelelezi, akadhani ni mazoezi ya ucheshi? Kuanzia siku ile marehemu alipoingia vikombe vilitulia, na tarehe 11 Machi 1979, Sabri mpiga pasi alipochukuliwa dukani kwa sababu ya kichekesho kuhusu mkubwa mmoja, kichekesho ambacho hakisomwi hapa kwa sababu hata leo hatuwajui nyote, akakaa ndani miezi saba, akarudi mkono wa kulia haukunjuki, mtaa mzima ulisema kikulacho ki nguoni mwako, ukimtazama Labib.

Marehemu hakukana. Alikwenda mgahawani akasema mbele ya wote, "Ndiyo, mimi ndiye mpelelezi, na jana nimeripoti kwamba kahawa ya hapa ni maji ya kuoshea sahani." Walicheka siku hiyo, na kesho yake wakasema amekiri. Alijaribu tena na tena, miaka ishirini na minne, hakuna kichekesho alichoacha kukitumia, na bado mwaka 1989 uchumba wa Nadra ulivunjwa, mama wa kijana akisema hachukui binti wa mwandika ripoti, na Nadra, aliyekaa hapa mbele, aliacha kuongea na baba yake kwa miaka mitatu.

Ukweli ni huu. Mwezi Machi 1979 Fahim, ambaye ndiye anayesoma, alikuwa dereva wa afisa mmoja wa mkoa, na alimwonea wivu kaka yake kwa jinsi watu walivyompenda, akataka naye apendwe, basi njiani akamwambia afisa kichekesho alichokisikia dukani kwa Sabri. Afisa alicheka hadi akafuta machozi, akasema, "Kizuri sana, Fahim, umekitoa wapi?" na Fahim, kwa furaha ya kuchekesha mtu mara ya kwanza maishani, alitaja jina. Wiki ile ile alimlilia kaka yake, naye Labib akamwambia, "Nyamaza. Wewe una watoto wanne wadogo na hujui kuchekesha, wakikuchukia utakufa. Mimi nitawachekesha mpaka wasahau." Hawakusahau, na Fahim aliona kwamba hawakusahau, akanyamaza.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Februari 1998, akaanza kuugua figo Juni 2001, na alifariki jana, tarehe 6 Novemba 2003, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya simu, ambao hawakumshuku hata siku moja, na majirani, waliomshuku kila siku lakini walituletea dengu na mkate tangu jana. Inamshukuru kwa namna ya pekee bwana Sabri, aliyekaa safu ya tatu, ambaye amekuja kumzika mtu aliyeamini kuwa ndiye aliyemfunga, na hatukujua amekuja na nini moyoni, hata tukamtazama mikono alipoingia, naye atusamehe kwa hilo, lile lingine hatuthubutu kumwomba.

Ibada ikiisha Fahim atasimama mlangoni, kama ilivyo desturi ya mwenye msiba, na asiyetaka kumpa mkono apite tu.

Kaka Labib, umetubeba vya kutosha, tutue, ukapumzike.