Tanuru na Utepe wa Sita: Maisha ya Marlys Skogstad Lahti, 1961–2023

Mpendwa wetu Marlys Agneta alizaliwa hapa Duluth, Minnesota, asubuhi ya tarehe 3 Machi 1961, katika juma ambalo theluji iliziba milango ya mtaa mzima na mkunga akaingizwa ndani kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Einar Skogstad, mpakiaji wa mawe ya chuma bandarini, na marehemu Borghild. Lowell alimfuata mwaka 1964, na Verna, anayesoma wasifu huu, mwaka 1970.

Chini ya nyumba ya wazazi kulikuwa na chumba cha viazi, na humo ndimo lilimokaa tanuru la kupashia nyumba joto. Lilikuwa likijiwasha bila taarifa. Kwanza ulisikika mlio mdogo, tka, kisha kimya cha kuhesabu mpaka tatu, kisha mngurumo uliotikisa ngazi. Marlys aliliogopa kuliko kitu chochote duniani. Aliamini kwamba katika kile kimya cha kuhesabu mpaka tatu kuna kitu kinamtazama na kuamua. Kila mama alipomtuma viazi, Lowell, mwenye umri wa miaka minne, alimtangulia ngazini na ufagio begani.

"Twende, dada," alikuwa akisema. "Mimi nalilinda. Wewe chukua viazi."

Alisoma shule za mjini, akahitimu sekondari mwezi Juni 1979, akaenda Minneapolis chuo kikuu kusomea fizikia. Alichopenda huko ni somo moja tu, la sauti na mawimbi yake. Mwaka 1981 baba alianguka kutoka ngazi ya meli, na Marlys akarudi nyumbani. Hakurudi tena chuoni. Aliajiriwa katika karakana ya kushona mikoba ya turubai, akafanya kazi hapo miaka thelathini na minne, mpaka Mei 2015. Mikono ile iliyozoea turubai ndiyo iliyokata utepe wa sauti kwa wembe na kuuunganisha tena bila mtu kusikia palipokatwa.

Bendi ya Barafu ya Aprili ilianza mwaka 1983 katika chumba kile kile cha viazi. Lowell aliimba na kupiga gitaa, Reino Lahti alishika besi, Marlys alipiga ngoma na kuendesha mashine ya kurekodi, mtumba uliotoka katika kituo cha redio. Hawakuwa na kampuni wala meneja. Kaseti ya kwanza, Nauli ya Kurudi, ya mwaka 1984, walitoa nakala sitini, na majalada yake waliyakata katika maboksi ya uji wa shayiri. Santuri ndogo yenye nyimbo mbili ilifuata mwaka 1986, kisha santuri kubwa tatu: Mawe ya Einar mwaka 1988, Simu ya Jikoni mwaka 1991, na Koti la Baba mwaka 1994. Walikuwa na desturi moja. Kabla ya kila wimbo, mmoja wao alisema tarehe na alichokula siku hiyo, na maneno hayo hayakukatwa. Wanaozipenda rekodi hizo wanajua kwamba tarehe 2 Novemba 1990 Reino alikula soseji mbili na kujuta.

Ili kurekodi nyimbo za taratibu ilibidi tanuru lizimwe, maana lingenguruma katikati ya ubeti. Katika mji huu, kuzima tanuru mwezi Januari ni kama kuacha mlango wazi kwa mwizi. Tarehe 17 Januari 1988 walilizima, wakarekodi vizuri, wakafurahi, wakaenda kulala kwa akina Reino, wakasahau kuliwasha, usiku ambao nyumbani hakukuwa na mtu mwingine. Mabomba yaliganda, na walipokuwa wakirekodi siku ya pili yake yakapasuka. Mlio ule uko mwishoni mwa upande wa kwanza wa Mawe ya Einar, na baada yake sauti ya Borghild juu ya ngazi: "Nani aliyezima? Semeni! Nyinyi watu mmelaaniwa au mmezaliwa tu hivyo?" Kuanzia siku hiyo kuwasha tanuru ilikuwa kazi ya Reino, na hakusahau hata mara moja.

Marlys na Reino walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1987, katika kanisa hili hili la Kilutheri. Mungu aliwajalia binti mmoja, Tyyne, mwaka 1992. Mama alipofariki, nyumba ya tanuru ikawa yao. Marlys alikuwa mama mwenye subira na mke mwenye mizaha mikavu. Lakini wote waliomfahamu waliona kwamba baada ya mwaka 1997 kulikuwa na rafu moja katika chumba cha chini ambayo hakuipa mgongo.

Jumapili ya tarehe 9 Februari 1997 walikuwa wakirekodi wimbo wa mwisho wa albamu ya sita. Ala zilikuwa tayari. Ilibaki sauti ya Lowell peke yake. Tanuru lilikuwa limezimwa, na nje ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Reino alikuwa juu jikoni akikaanga samaki.

"Rudia," Marlys alimwambia mdogo wake.

"Mara ya ngapi hii, dada? Kumi?"

"Saba. Na zote saba umelala."

"Kwa baridi hii hata wewe ungelala. Tazama pumzi yangu, utadhani naimba moshi."

"Usinitanie, Lowell. Unaimba kama mtu aliyekwisha kufa. Imba kama mtu anayetaka kuishi!"

Alivua hedifoni, akaziweka juu ya mashine, akapanda ngazi. Mashine aliiacha ikizunguka.

"Mmemaliza?" Reino alimuuliza.

"Mwache akae na baridi yake huko mpaka akili imrudie."

Alichukua sahani, akaifuta. Alikuwa akiifuta bado Reino aliposhuka, baada ya kama nusu saa, kumwita shemeji yake chakula. Lowell hakuwepo. Utepe ulikuwa umekwisha, ncha yake ikichapa hewani kila gurudumu lilipozunguka. Vifaa vyake vya kuvulia samaki havikuwepo pale mlango wa nyuma wa chumba cha chini. Alasiri ile upepo uligeuka ukavuma kutoka magharibi, barafu ikakatika kutoka pwani ya ziwa na kuelea ndani pamoja na vibanda vya wavuvi, wale wanaotoboa barafu na kuvua kupitia matundu. Watu wanne waliokolewa. Lowell alipatikana tarehe 19 Aprili, barafu ilipoondoka, na kuanzia siku hiyo sisi wa nyumba ile hatukuweza kulitamka jina la bendi.

Sherifu aliandika kuwa ni ajali. Marlys hakubisha, wala hakuamini. Alikuwa amemwambia ndugu yake maneno yale, na ndugu yake akatoka kwenda barafuni. Alitia utepe katika boksi, akaandika juu yake tarakimu 6, akaliweka kwenye rafu nyuma ya viazi.

Kwa miaka ishirini na sita aliishi katikati ya hofu mbili. Akiucheza utepe, atasikia alichofanya Lowell alipobaki peke yake: labda kilio, labda kuaga. Asipoucheza, utakufa wenyewe. Tepe za miaka ile zina ugonjwa wake. Gundi yake hunywa unyevu, na siku ukiutia mashinani sauti hubanduka ikawa vumbi la kahawia, haipatikani tena. Kila mwezi wa Oktoba alishuka, akafungua boksi, akanusa. Utepe unaooza hunuka kama kalamu za nta za watoto. Alinusa, akafunga, akapanda juu akiwa mweupe usoni. Baada ya mwaka 2009 vijana walianza kuzitafuta zile rekodi, na barua zikaja kutoka mbali, moja hata kutoka Osaka, zikiuliza kama kuna albamu ya sita. Aliwajibu wote kwa neno moja: Hakuna. Hatumjui Marlys kwa uongo mwingine.

Mwezi Oktoba 2021 madaktari walimwambia kwamba mapafu yake yanakakamaa na hayatalainika tena. Aliugua kwa ujasiri, akiburuta mpira wa oksijeni nyumba nzima. Alisema unavuma kama kaseti rahisi. Usiku na mchana uliendelea kuvuma. Mwaka huu, mwanzoni mwa Septemba, alipokuwa hawezi tena kushuka ngazi, alimwita mumewe.

"Reino, leta kikaushio."

"Kikaushio kipi?"

"Cha matufaha."

"Kwa hali hiyo unataka kukausha matufaha?"

"Nataka kumkausha Lowell."

Ndivyo unavyotibiwa utepe wa namna hiyo. Huokwa taratibu, kwa joto la nyuzi hamsini na nne, saa nane mfululizo, na baada ya hapo hukubali kuchezwa kwa majuma machache. Joto likizidi, utepe hujikunja na kila kitu kimekwisha. Likipungua, gundi haikauki. Tarehe 14 Septemba, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, Reino alikaa kwenye kiti mbele ya kikaushio akiwa na kipimajoto mkononi, na hakwenda hata chooni. Kila saa aliligeuza gurudumu. Nyumba ilinuka matufaha na nta. Kila lilipogeuzwa, Marlys aliuliza kutoka kitandani, "Limetoa vumbi?" na Reino alipitisha kidole, akakitazama, akajibu, "Bado."

Siku ya pili yake mashine ilipandishwa juu, ikawekwa miguuni pa kitanda pamoja na kifaa cha kunakilia. Mumewe na mdogo wake Verna walikuwepo. Wimbo ulitoka mzima. Sauti ya Lowell ilikuwa changa kuliko tulivyoikumbuka, na kwa dakika nne hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha ikaja sauti ya Marlys mwenyewe, kali, ya mwanamke wa miaka thelathini na tano, ikisema yale maneno. Hatua zake zikapanda ngazi. Mlango ukafungwa.

Halafu kimya. Tanuru lilikuwa limezimwa siku ile, hivyo kimya kile hakikuwa na kitu cha kujificha nyuma yake. Reino alinyoosha mkono.

"Tuzime?"

"Ukiigusa hiyo mashine nakuvunja kidole."

Mtu akakohoa karibu kabisa na kipaza sauti. "Tarehe tisa Februari," Lowell akasema. "Leo nimekula mkate wa jana na siagi. Dada amenuna. Mara ya nane. Namsubiri."

Alisubiri dakika kumi na moja. Alisikika akipuliza vidole vyake. Aliurudia ule ubeti mara mbili kwa sauti ya chini, akijisahihisha, na mara ya pili ulikuwa kama dada yake alivyoutaka. Aligusa waya mmoja wa gitaa, akauacha ufe. Mwishowe kiti kikalia.

"Haya," akasema. "Kesho, dada."

Hatua zikaenda upande wa pili wa chumba. Tka. Moja, mbili, tatu. Mngurumo. Chini ya mngurumo huo, mlango wa nyuma ulifunguka na kufungwa.

Reino alikuwa ameshika paji la uso. "Si mimi," alisema. "Miaka yote hii nilidhani niliyeliwasha ni mimi. Ilikuwa kazi yangu, nikaamini nimeifanya."

Marlys alivuta hewa yake ya mpirani. "Mtu anayekwenda kufa hajali mabomba," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Lakini alinisubiri. Alinisubiri, na mimi nafuta sahani." Hofu ilimtoka siku ile. Iliyobaki ni huzuni, na huzuni aliijua namna ya kuibeba.

Aliagiza wimbo utolewe, ili albamu ya sita nayo ihesabiwe. Dakika kumi na moja alisema ni zake, zizikwe naye. Tuwasimulie watu tu yaliyosikika, tanuru likiwemo. Utepe uko mikononi mwake sasa hivi, ndani ya sanduku hili, katika boksi lake lenye tarakimu 6.

Marlys alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Reino alikuwa ameshika mkono wake. Theluji ya kwanza ilikuwa haijaanguka.

Ameacha mume, Reino Lahti. Binti, Tyyne, na mkwe wake, Anselm. Mjukuu mmoja, Borghild mdogo, anayeogopa tanuru. Na mdogo wake, Verna. Ameacha pia kaseti moja, santuri ndogo moja, santuri kubwa tatu, na wimbo mmoja ambao mtausikia leo baada ya maziko, katika chumba cha chini cha kanisa, wakati wa kahawa na mikate. Kabla haujaanza, Reino atasema tarehe na alichokula.

Dada, huko unakoshuka usiogope. Lowell amekwisha kutangulia ngazini na ufagio wake, na tanuru limewashwa. Pumzika kwa amani.