Mama Vilima na Blanketi la Udongo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, aongeze sauti ya redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeendesha katapila. Nasema tena: mwanamke, na katapila, lile dude la minyororo linalosukuma udongo. Watu walimwita Mama Vilima. Mimi nilimwita mke wangu.

Ndiyo. Leo anayekumbukwa katika kipindi hiki ni wa nyumbani kwangu. Mkuu wa kituo alitaka nimwachie mwenzangu maikrofoni, eti nitashindwa kusoma. Nikamwambia kusoma kwenyewe sikujui sana, shule niliiacha mapema, lakini kusimulia sijawahi kushindwa. Akasema haya, ila nisiwaguse wakubwa wa klabu ya gofu. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hakisikiki redioni.

Mke wangu alianzia kwenye barabara. Kazi yake ilikuwa kusawazisha. Kilima kikiwa mbele anakiondoa, bonde likiwa mbele analifukia. Alikuwa anarudi jioni amenuna, anakaa mlangoni kuvua mabuti. "Leo nimeua kilima," ananiambia, kama mtu aliyegonga mbuzi wa watu.

Halafu wakubwa wakanunua ile ardhi nyuma ya kiwanda cha matofali. Wanataka kiwanja cha gofu. Kwa wasiojua, gofu ni hivi: una fimbo na mpira mdogo mgumu. Unaupiga kutoka mbali, unaufuata kwenye njia pana ya nyasi, mpaka ufike kwenye grini. Grini ni pale penye nyasi fupi kama zulia, penye shimo na bendera. Aliyeingiza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Basi, hakuna zaidi.

Mchoraji wa kiwanja alikuwa mzee mmoja mpole, anatembea na mkongojo. Siku ya kwanza alimuuliza mke wangu anajua nini zaidi. Akajibu, kusawazisha. Mzee akacheka mpaka akaegemea katapila. Akamwambia hapa nataka usahau hiyo kazi. Akamweleza: ardhi ikiwa bapa mtu anapiga tu, ardhi ikiwa na mgongo inabidi kwanza afikiri. Ile siku mke wangu alinisimulia maneno hayo na kijiko mkononi, chakula kinapoa. Alimheshimu yule mzee mpaka mwisho. Alisema yeye ndiye aliyemfumbua macho.

Sasa sikilizeni jinsi alivyofanya kazi, maana hapa ndipo penyewe.

Asubuhi moja naamka, kwa pembe ya jicho namwona amesimama miguuni pa kitanda. Mimi nimelala ubavu, uso ukutani, kama nilalavyo siku zote. Akaniambia usigeuke. Nikadhani kuna nyoka. Akalichukua blanketi, akalikung'uta, akaliachia linishukie polepole. Kisha akatazama. Bega limeinuka. Kiuno kimezama. Nyonga imepanda tena. Nyuma ya magoti blanketi limeteremka kwa mkunjo mrefu hadi chini. Akachukua gololi ya binti yetu, akaiweka juu ya bega langu, akaiachia. Gololi ikashuka hadi kiunoni, ikawa kama imesimama, ikageuka, ikaangukia nyuma ya mgongo wangu, upande anaolala yeye.

Binti yetu alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni. Akauliza, "Mama, baba anaumwa?"

"Baba yuko kazini," mama yake akamjibu.

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Kukicha nalazwa hivi, nalazwa vile, blanketi linapanda, linashuka. Kisha yeye huyo, anakwenda kuinua ardhi. Mzee mchoraji alichora mistari, yeye akaipa mwili. Njia za nyasi zikawa zinapanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Na alikuwa anajivuna, nisiwafiche. Alikuwa anasema hakuna mtu aliyezaliwa na mama anayeweza kukunja udongo kama yeye.

Alikosea pia. Grini ya mwisho, ambayo ndiyo habari yenyewe ya leo, aliipa bega kali mno. Mashine ya kukata nyasi ikipita juu inanyoa mpaka udongo unaonekana. Fundi wa nyasi akamwambia, "Mama Vilima, bega lako lina kipara." Alirudi nyumbani amefura. Akanilaza, akatandaza blanketi, akanitazama sana. "Umekonda," akaniambia. "Kosa ni lako." Wiki ile kila chakula nilipakuliwa mara mbili. Lakini hakungoja ninenepe. Alipanda katapila akalilainisha lile bega, na nyasi zikashika.

Mimi mambo hayo yote nilikuwa nasikia tu. Kuingia sikuruhusiwa. Getini walisema ni wanachama peke yao. Mke anaingia na katapila, mume hawezi kuingia na miguu yake. Wakubwa ndivyo walivyo, wasikilizaji. Jasho linapita getini, mwenye jasho anaulizwa kadi.

Kiwanja kikafunguliwa. Siku hiyo hiyo mwenyekiti wa klabu, mbele ya wageni, akapiga mpira kwenye grini ya mwisho. Mpira ukapanda mwinuko, ukatulia kidogo kama unafikiria, ukarudi mpaka miguuni pake, kama mbwa anayemjua mwenyewe. Akapiga tena. Ukarudi tena. Makedi, wale vijana wa kubeba mifuko ya fimbo, wote wakageuka kutazama miti. Tangu siku hiyo, kwenye kamati, neno likawa moja, mwaka baada ya mwaka: ile grini isawazishwe.

Na yeye wakati huo ameshaanza kukohoa. Lile katapila lilikuwa wazi. Aliomba liwekewe kibanda cha kioo, kwa sababu ya vumbi. Ofisi wakasema kesho. Akaomba tena, wakasema kesho. Miaka baadaye daktari alipompiga picha ya kifua, mapafu yalikuwa yamejaa vumbi. Hilo silisamehe. Mkuu wa kituo ananipungia mkono hapo nyuma ya kioo, mimi namtazama tu. Kumbe vioo vipo.

Dada yake ndiye aliyemuuguza zaidi. Ameniomba niwaambie hivi: "Mdogo wangu alikuwa hawezi kukaa mahali palipo sawa. Hata kitanda cha hospitali aliomba kiinuliwe upande mmoja." Ni kweli. Muuguzi alikuwa akikishusha, yeye anakipandisha. Alifariki kimeinuliwa.

Mwenyekiti alikuja nyumbani kutoa pole. Nilimpa kiti. Akasema klabu inataka kumuenzi marehemu. Wataweka kibao chenye jina lake kwenye grini ya mwisho. Halafu, kwa pumzi hiyo hiyo, akasema grini yenyewe itasawazishwa, wanachama wamechoka.

Binti yetu sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Akaweka chini sinia la vikombe. "Yaani mnaufuta mkono wake," akasema, "halafu mnabandika jina lake hapo hapo?"

Nami sikutaka ugomvi ndani ya nyumba ya msiba. Nikamwambia mwenyekiti jambo moja tu: mimi sijawahi kupaona. Anifungulie geti nipaone kabla hapajawa bapa.

Akafungua. Hilo nampa haki yake. Tulikwenda asubuhi, mimi, binti yangu na yeye.

Wasikilizaji wapendwa, sijui niseme vipi. Nimewahi kuona majengo marefu. Nimewahi kuona daraja linafunguka katikati. Lakini pale nilisimama. Jua lilikuwa bado chini, umande juu ya nyasi, na kila mkunjo una kivuli chake. Njia yote ile, mpaka macho yanapokoma, imekunjwa na kukunjuliwa kama kuna mtu mkubwa alikung'uta kitambaa akakiachia kishuke, na hakijamaliza kushuka. Hakuna mstari hata mmoja ulionyooka, na hakuna hata mmoja uliopotea njia. Nilivua viatu. Sikuambiwa na mtu, nilivua mwenyewe. Nikamfikiria yule aliyekuwa ananiomba nimkune mgongo, anayepoteza funguo kila siku. Mikono ile ile! Ndiyo iliyofanya hivi?

Tukafika grini ya mwisho. Binti yangu akamwomba mwenyekiti mpira. Akapanda juu ya lile bega, akainama, akauachia bila kuusukuma. Ukashuka polepole. Ukafika pale palipozama, ukawa kama umesimama. Ukageuka. Ukateremka upande wa pili, ukatulia kwenye bonde dogo, hatua moja tu kutoka kwenye shimo la bendera.

"Baba," binti yangu akaniambia, "si ni wewe huyo?"

Nikatazama. Bega, kiuno, nyonga, ule mkunjo mrefu nyuma ya magoti ambao maji ya mvua hupitia yakatoka. Mimi, nimelala ubavu, mkubwa kuliko nyumba, nimeota nyasi. Na pale mpira ulipokwenda kulala ndipo pake. Upande wake wa kitanda.

Mwenyekiti naye aliutoa mpira bondeni, akapanda begani, akauachia. Ukaenda pale pale. Akauachia tena kutoka kando kidogo. Pale pale. Alivua kofia. Akasema miaka yote hiyo yeye alikuwa anaipigia bendera moja kwa moja, hajawahi kulijaribu bega. Kisha akaniuliza, sauti chini kabisa, kama mama huyo aliwahi kucheza gofu. Nikamwambia hapana. Hakuwa mwanachama.

Alikwenda kwenye kamati yake akaitetea. Hilo pia nampa haki yake, ingawa lile la kioo bado namdai moyoni. Wakapiga kura, akashindwa. Alikuja mwenyewe kuniambia, akasimama mlangoni, kiti akakikataa. Kibao walichotuletea tumewarudishia. Jumatatu katapila jingine linaingia. Narudia kwa ambao ndio kwanza wanafungua redio: Jumatatu grini ya mwisho ya Mama Vilima inasawazishwa.

Kwa hiyo nawaomba kitu. Kesho asubuhi na Jumapili asubuhi, jua likiwa bado chini, piteni ile barabara ya nyuma ya kiwanda cha matofali. Huhitaji kadi. Simama kwenye uzio, tazama vivuli. Nenda na watoto. Na wewe unayenisikiliza ukiwa ofisini, mwenye muhuri na kura, nakuomba ufikirie: kabla hujaamuru kitu kiwe bapa, ulizia kwanza nani alikiinua, na alikuwa anatazama nini alipokiinua.

Kila wiki, mwisho wa kipindi, huwa natoa pole kwa familia ya marehemu. Leo familia ni dada yake, ni binti yetu na wanawe, ni fundi wa nyasi ambaye tangu juzi hataki kula. Na ni mimi. Basi poleni nyote. Na mimi pole.

Mtu kaniuliza jana kama nimeumia sana kwa hiyo Jumatatu. Nimeumia. Lakini mchoro hawana, mchoro uko nyumbani. Bado nalala ubavu, uso ukutani. Nyuma yangu hakuna mtu, na sigeuki. Atakayetaka kuijenga upya na aje asubuhi. Blanketi lipo.