Nusu ya Chini ya Mama Mabega

Mwaka ule wa tisini na tatu, Jumamosi asubuhi benchi letu la Amalemba, pale nje ya hoteli ya Osundwa, lilikuwa na kazi moja tu: kuchambua mchezo wa televisheni wa jana yake. Televisheni ilikuwa ya Osundwa, na mtaa mzima tuliitazama hiyo hiyo. Ilitoka Mumias imefungwa kwa baiskeli, ikaanguka njiani, na tangu siku hiyo nusu ya chini ya kioo ilikuwa nyeusi kama sufuria ya maharagwe. Watu wote wa ng'ambo tuliwajua mpaka kiunoni. Mimi nilikaa mwisho wa benchi na karanga zangu. Waliniita Kukhu Redio, yaani Bibi Redio, na sikukataa, maana redio ikinyamaza watu huipiga makofi. Kando yangu Lazarus, tuliyemwita Wakili kwa vile alikuwa ameshashtakiwa mara nyingi. Kando yake Protus Antena, ambaye mchezo ukianza alipanda juu ya bati akaishika antena kwa mkono mpaka uishe. Kahawa ilikuwa ya Sulemani, birika moja tu. Ikiisha, imeisha.

Basi Nabwire akatujia mbio, mkono huu makasi, mkono huu gauni la buluu la krimpilini. Nililijua gauni lile. Marehemu mamake alilivaa Krismasi hata Krismasi, na msichana hakuwa na nguo nyingine ya maana, wala kitu kingine cha mamake.

— Kukhu, nisaidie. Kesho watu wa mchumba wangu Cornelius wanatoka Kabras kuja kuniona. Nataka wanikute niko kama Mama Mabega.

Huyo Mama Mabega ndiye tajiri wa mchezo wa Ijumaa. Jina lake la kizungu lilitushinda, tukambatiza kwa kile tulichokiona.

— Mabega umepata wapi? nikamuuliza.

— Nimekata sponji ya godoro. Mshipi ni tai ya shule ya kaka yangu. Juu kumekamilika. Sasa chini nikate wapi?

Wote tukageuka kutazama gauni. Huko chini kwa Mama Mabega hakuna aliyewahi kufika.

— Kata hapa, Wakili akasema, akigusa goti lake mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Kata yote mara moja.

— Haba na haba ni kidogo kidogo, Wakili.

— Ndiyo. Kidogo kidogo, mara moja.

— Astaghfirullah! Sulemani akashtuka, kahawa ikamwagikia kidole. Mtoto wa watu asimame mbele ya wakwe magoti nje? Yule mama ni suruali anavaanga. Mabega kama yale hayawezi kukalia sketi, yataanguka. Nabwire, pasua katikati, shona huku na huku, una suruali.

— Suruali gani? Mficha uchi hazai, Wakili akasema. Na yule mama hana mtoto mpaka leo. Ni nguo ndefu, ya kuburuta. Anaficha.

— Si umesema goti sasa hivi?

— Ile ilikuwa kabla ya ushahidi.

Mimi nilipoona moto unataka kuzima, nikatia kuni.

— Lakini jameni, nikasema, kuna mtu amewahi kumwona akitembea?

Sulemani alijaza vikombe.

— Anasimamanga tu, Wakili akasema polepole. Nyuma ya meza. Nyuma ya kiti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Huyo mama ni kiwete. Alikataa kuolewa na mzee fulani, akavunjwa mguu.

— Nyinyi hamjui kitu, Protus akasema. Ana kwato.

— Nini?

— Kwato. Kama ya mbuzi. Huyo ni jini.

— Jini hapiti kwa waya, bwana, Sulemani akasema.

— Unabisha na mimi? Nani anashikanga antena? Huyo mama yote anapitia kwa huu mkono. Wengine wakipita nasikia joto. Yeye akipita, baridi! Na huku chini inakwaruza.

— Lakini wewe hujawahi hata kuona huo mchezo, Protus!

— Mimi siuoni. Mimi nausikia kwa mfupa.

Nabwire alikuwa karibu kulia.

— Nyinyi ni watu wazima kweli? Kesho watu wanakuja, nyinyi mnaniambia kwato. Mama angekuwepo ningemuuliza.

Akatandaza gauni kwenye benchi, akashika upindo, akanyoosha mkono kuchukua makasi aliyokuwa ameyaweka kando. Makasi hayakuwepo. Nilikuwa nimeyakalia tangu ile habari ya suruali, na yalikuwa yananichoma.

— Mulembe, sauti ikatusalimu.

Mama mmoja mgeni, mwembamba, na kikapu ambamo kuku alichungulia. Akaomba kahawa, akajisogeza, akasikiliza Protus akiapa tena juu ya kwato. Kisha akasema:

— Ni sketi.

— Umejuaje?

— Sketi nyembamba, inafunika goti, nyuma imepasuliwa kidogo apate hatua. Na anatembea sana. Viatu vina kisigino kama kidole cha mtoto. Kwetu Malava tunatazama kwa mke wa Were. Amefunika televisheni na kitambaa cha kusuka, kinashuka hadi katikati. Alikisuka mama mkwe, kwa hivyo hakifunuliwi. Sisi tunaona kuanzia kiunoni kwenda chini.

Akalipima gauni kwa macho.

— Hilo linafunika goti tayari. Fumua mshono wa nyuma kidogo tu. Makasi ya nini?

Nikasogea, nikapumua.

— Sasa na mimi niwaulize, mgeni akasema. Miezi yote hii natazama miguu ya huyo mama. Ana uso gani?

— Ana mabega... Wakili akaanza.

— Nimesema uso.

— Ana herini, Sulemani akasema.

— Mimi huwa juu ya bati, Protus akasema haraka.

Wakanigeukia mimi, Redio, ninayejua nani mtaani amelia na nani amekunywa kwa kutazama kope zake. Nikatafuta uso wa yule mama kichwani mwangu. Sponji tupu. Sulemani akainamisha birika, ukatoka unga mweusi peke yake.

— Kwani mama, unaenda kwa nani? nikauliza, nikitaka kubadilisha stesheni.

— Kwa marehemu Ayuma. Aliacha msichana anaitwa Nabwire. Mimi ni senge ya Cornelius, dada wa babake. Kesho tunakuja wengi kutoka Kabras yote, wanaume wataangalia nguo. Mimi nimetangulia. Nimetumwa niangalie uso.

Nabwire akalivuta gauni la mamake, akajifunika nalo kichwa chote. Sponji mbili zikasimama huku na huku kama masikio ya punda.

Senge akaweka kikombe chini, akashika upindo wa gauni kwa vidole viwili.

— Uwi! akasema. Nimekimbia kitambaa Malava, nimekikuta Amalemba? Hiki changu nitakifunua.