Jani la Isale Halipandi Basi

Sogeeni karibu, wanangu, na mwenye kutaka kulia akalie kwanza huko migombani amalize, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema tu, si ya kubembeleza mtu. Padre amekwisha kunipaka mafuta tangu asubuhi, na daktari wa hospitali ya Mawenzi aliponirudisha nyumbani aliwaambia mnipikie ninachokipenda. Mlidhani sikusikia, lakini masikio ndiyo kitu pekee mwilini mwangu ambacho hakijazeeka. Mgonjwa akiruhusiwa kula anachokipenda, hahitaji kuelezwa zaidi. Basi sikilizeni. Mimi Bernadetha, mjane wa Sirili, ninasema nikiwa na akili zangu zote, na wewe Filemon, kwa kuwa ndiwe mkubwa, utakuwa shahidi wa maneno haya, hata yale yasiyokupendeza.

Fungueni huo mlango wa uani. Ufungueni wote, ukae wazi. Najua kuna baridi na ukungu umeshuka. Baridi hainitishi tena. Dada yenu Stella amekaa pale kwenye vichanja vya kuanikia kahawa tangu alipofika, amejitanda kitenge kichwani kama mtu aliyekuja kuuza mayai, na ndani hataki kuingia kwa sababu wewe Jacob umo. Kwa hiyo nitasema kwa sauti ya kumfikia. Asipoingia yeye, maneno yatamfuata.

Nianze na mali, maana ndiyo iliyowafanya baadhi yenu mkae kimya kama watu wa kanisani. Filemon, wewe baba yako alikupa shamba la tambarare ulipooa, ukajenga, ukashukuru, hivyo usiangalie dari. Kihamba hiki, shamba letu la ukoo, na nyumba hii, kwa desturi yetu, ni vya mtoto wa kiume wa mwisho, na wa mwisho ni Jacob. Siwezi kuzaa mwingine leo. Chukua, Jacob. Chukua migomba, na mibuni iliyosalia, na ng'ombe aliye zizini, na kaburi la baba yako ulitunze. Lakini kipande cha juu, kuanzia kwenye vile vichanja mpaka kwenye mfongo unaotuletea maji kutoka mlimani, hicho ni cha Stella, ajenge, alime, na siku yake ikifika azikwe humo akipenda. Filemon, usikohoe. Ninakijua kikohozi cha mafua na ninakijua kikohozi cha shamba. Mtasema mwanamke hapewi kihamba. Nimekipalilia hiki tangu nilipoletwa hapa bibi harusi, nikakibebea samadi kichwani, na hakikuniuliza hata siku moja kama mimi ni mwanamke.

Sasa nije kwenye jambo linaloniua kuliko hili la kifuani.

Stella alijifunza kuchambua kahawa kwenye vichanja vile vile anavyovikalia sasa, kabla hajajua kuandika jina lake. Nilimfundisha kama mama yangu alivyonifundisha mimi: usiifukuze punje mbaya kwa macho, uache mkono uikute wenyewe, maana punje mbaya ina wepesi wake, na iliyochacha hukunukia kabla hujaigusa. Biashara ilipofunguliwa, na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kupanda huku Kilema na magari yao, bwana Ketan akaanzisha kiwanda chake cha kukoboa kahawa pale mjini, upande wa reli, akajaza ukumbi mzima wanawake wa kuchambua. Stella akawa mkubwa wa meza yao. Walikuwa wakiimba nyimbo za kanisani huku wamezipachika maneno ya kumsengenya msimamizi, naye maskini akipita anaitikia kibwagizo. Walipokuwa na mgonjwa walichangishana papo hapo mezani, na aliyejifungua alikuta mtori umekwisha kupikwa kwake. Ile haikuwa kazi ya mshahara tu, wanangu. Ulikuwa ukoo.

Na Jacob alipomaliza ufundi wa umeme akakaa hapa nyumbani akihesabu kuku, ni Stella aliyekwenda kwa Ketan kumwombea kazi. Alisimama mlangoni kwa tajiri mpaka akakubaliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo hiyo aliivaa mwenyewe, tena kwa furaha.

Mwaka ule wa mvua za El-nino, barabara zilipokatika, ndipo kiwandani ilipoletwa mashine yenye macho. Ndiyo, macho. Punje zinaporomoka mbele yake kama mvua, nayo inazitazama moja moja, na ile isiyoipenda inaipuliza kwa upepo pembeni, pf, kama mtoto anavyopuliza uji. Lakini mashine haikuzaliwa na akili. Lazima kwanza ionyeshwe kahawa nzuri ikoje na mbaya ikoje. Na hilo la kuonyeshwa, pale kiwandani, wanawake hawakuambiwa. Fundi aliambiwa. Fundi alikuwa Jacob.

Akaja Jumapili baada ya misa, amevaa shati jeupe, akaketi hapo alipoketi sasa, nikampakulia.

"Dada," akasema, "tajiri anataka kuuona mkono wako. Mchambulie gunia moja, lakini iwe ile ya mashindano."

Stella akacheka, akamuuliza kama kuna zawadi.

"Mwenye mkono mzuri kuliko wote ndiye atakayefanywa msimamizi," akasema huyu, macho yamo ndani ya bakuli la mtori.

Kesho yake Stella akavaa gauni lake la Pasaka. Akachambua kama mtu anayepamba altare: nzuri kwenye sinia lake, nyeusi kwenye lake, zilizotobolewa na wadudu kwenye lake, zilizovunjika mbali, zilizochacha mbali zaidi. Wenzake walimshangilia, kila mmoja akajitahidi amfikie, maana kila mmoja aliamini kuna kiti kimoja kinagombewa. Kiti hakikuwapo. Masinia yale yalichukuliwa yakamwagwa mbele ya macho ya mashine, Jacob akizungusha vifundo, na kabla jua halijazama ikawa imekijua kile nilichokipokea kwa mama yangu, naye kwa mama yake.

Jumatatu iliyofuata wakazuiwa getini. Kila mmoja akapewa sukari na kalenda ya kiwanda. Kalenda ile imo jikoni, mwaka wake umekwisha zamani, nami sikuitoa. Picha yake ni ile mashine, inang'aa kama jeneza jipya. Stella aliniwekea mapajani, akasema, "Mama, nimefundisha, na mwanafunzi wangu hajui hata jina langu." Hakulia. Aliyajua mengine jioni, Jacob aliporudi, alipomuuliza mbele yangu kama alijua, na huyu akatazama viatu vyake. Dada yenu akatua kijiko, akachukua mkoba, akateremka mlima kwa miguu. Tangu siku ile hajala chakula chini ya paa alipo Jacob.

Msimtukane Ketan mkiwa mbele yangu. Tajiri hutafuta faida kama ng'ombe anavyotafuta majani, humkasirikii ng'ombe. Wala msiilaani mashine. Mashine haikunyonya ziwa langu, wala haikula mtori wangu Jumapili ile. Hata ungesema kweli, Jacob, kazi ingekwisha vile vile. Hilo ninalijua, na Stella analijua, si mjinga. Zingekuja hizo mashine hata kama wanawake wote wa Kilimanjaro wangelala njiani kuzizuia. Lakini angeambiwa, angekwenda siku ile na gauni la kazini. Angejua anachokitoa. Ulimnyima hilo tu, mwanangu, na hilo tu ndilo lililokuwa lake.

Uliogopa. Uliona wanaotolewa ni wengi na wanaobaki ni wachache, ukaona afadhali uwe upande wa chuma. Nimewaona wengi wa namna yako siku hizi. Kila kitu kipya kikiingia, mtu humsukuma jirani yake mbele aone kama kinauma. Ikawaje? Bei ya kahawa ikaanguka, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, magunia ya kukoboa yakapungua, na Ketan akaleta mashine nyingine yenye kompyuta yake ndani, inayojirekebisha yenyewe, na ikiugua anapigiwa mtaalamu Nairobi. Ukaambiwa usije tena. Ukaambiwa kwa maandishi kwenye simu ya mkononi, ile ile uliyokuwa ukiivaa kiunoni ukipanda nayo kanisani ili ilie wakati wa mahubiri. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mimi sikucheka. Na sasa nikwambie kitu ambacho sijakwambia. Stella aliposikia, naye hakucheka. Alikuwa mjini, kule Majengo, kwenye chumba chake cha kupanga, amekaa chini na ungo, anawachambulia wenye maduka mawe kwenye mchele, maana ndiyo kazi aliyoipata, na macho yake yameanza kuharibika kwa kukosa mwanga. Nilipomwambia kwamba umefukuzwa, mkono wake ulisimama juu ya ungo. Kisha akaniuliza, "Anakula wapi?" Basi. Hakuuliza lingine, akaendelea na mchele. Na huo mchele wenyewe sasa unakuja umefungwa kwenye mifuko, hauna jiwe hata la dawa, na wenye maduka wameanza kutomwita.

Usiiname, Jacob. Nimekwambia ili usimame.

Victoria, mjukuu wangu, sogea nikuone, wewe unayesomea hizo kompyuta mjini na ambaye mama yako Stella amekusomesha kwa mawe ya mchele. Sikuonei huruma wala sikutishi. Jifunze, kazi zitageuka mikononi mwako mara nyingi kuliko zilivyogeuka mikononi mwetu, na utakayoizeekea pengine bado haina jina. Ila ukiitwa siku moja uonyeshe namna unavyofanya kazi yako, uliza kwanza ni nani anayeonyeshwa. Na ukiwa wewe ndiye unayejua, mwambie mwenzako kabla hajavaa gauni la Pasaka.

Nipe... ngoja. Ngoja nipumzike kidogo.

Jani. Nilikuwa nataka kusema habari ya jani.

Wote mnajua, hata nyinyi mliosoma, kwamba kwetu aliyekosa hukata jani la isale akampelekea aliyemkosea, na likishafika mkononi, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama ni damu ilimwagika. Jacob ulilikata. Mara ya kwanza ukampa Filemon akupelekee, kama kwamba ni yeye aliyekosa. Mara ya pili ukalichomeka kwenye mkungu wa ndizi, ukaukabidhi kwa kondakta wa basi. Kondakta, wanangu. Stella akala ndizi, jani akalirudisha kwa basi lile lile. Wazee wa ukoo wakaja juu wakisema amekataa isale, atalaaniwa, nami nikateremka kumuuliza. Akanijibu, "Sijalikataa jani, Mama. Sijamwona aliyelibeba."

Nikarudi nikawaambia wazee wanyamaze. Mwana yule alisema kweli. Jani la isale halipandi basi. Lina miguu ya mtu mmoja tu.

Sasa pumzi inakatika, nitasema kwa kifupi. Nizikeni kando ya Sirili, upande wa kushoto, upande wa kulia anakoroma. Msinisakafie vigae, nataka nisikie maji ya mfongo. Nguo zangu wagawieni wale wanawake wa meza ya Stella, na waje waimbe, waimbe ule wa kumsengenya msimamizi, padre hatajua. Kalenda ile ichomeni. Mpaka wa kipande cha Stella, Jacob utaupanda wewe, kwa masale, kwa mikono yako. Isale linalotenga shamba ndilo hilo hilo linalopatanisha watu. Wazee hawakuwa na mti mwingine, au walijua walichokifanya.

Na baraka. Kwetu mzee hubariki kwa mate, nayo mate yangu yamekauka tangu jana. Victoria, jaza hicho kikombe. Maneno yake ninayasema sasa kabisa, kwa sababu nikishayatia maji kinywani sitasema tena, nitayashika. Maneno ni haya. Muwe na kazi, na kazi ikiwakimbia muwe na ndugu. Mikono yenu isikose cha kushika. Mungu awatazame kwa jicho lisilotafuta ubaya, asimpulize mmoja wenu pembeni. Na atakayekula, aulize mwenzake anakula wapi.

Lakini sitawatemea mmoja mmoja, wala sitatema kuelekea mlangoni. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na baraka ya mbali hailoweshi mtu. Mtakuja wawili, mtapiga magoti hapa, wote, bega kwa bega.

Jacob, nyanyuka. Isale limeota pale nyuma ya zizi, unapajua. Usivae viatu, vimekutazamisha chini miaka yote. Nenda.

Stella... mwanangu, unanisikia... anakuja. Sikwambii umpende. Njoo umekasirika hivyo hivyo, uje ukasirikie humu ndani, kwenye joto. Lipokee jani tu. Umwone aliyelibeba.

Filemon, niinue kichwa. Zaidi.

Amekwisha kufika kwenye vichanja? Macho yangu... kuna ukungu, au ni mimi. Mtu aniambie. Basi, msiniambie.

Lete maji, Victoria. Nitayashika kadiri nitakavyoweza. Waambie wasikawie, yasije yakanishuka.